Nyumba ya Wegesa

Tabata, Dar es Salaam
3 Juni 2024

Shangazi Gati,

Shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kuuma na duka linakwenda. Wiki iliyopita nilipiga simu mara tatu. Happy anayekusaidia dukani akapokea, akaniambia umesema kama nina la maana niandike, maana masikio yako hayashiki simu tena na hutaki mambo ya familia yapigiwe kelele mbele ya wateja. Haya, Mwalimu, naandika. Bahasha hii anakuja nayo kondakta wa basi. Ukijibu, Happy aipeleke stendi, huku nitaipokea.

Habari za tuzo umezipata? Mwigizaji bora wa kike, kwa ile filamu niliyocheza muuguzi. Miaka kumi na saba shangazi! Nilianza na zile filamu za kurekodi wiki moja sebuleni kwa mtu, nalia kwa kitunguu. Safari hii wameniita jukwaani mbele ya watu wa nchi ishirini na kitu, nikalia bila kitunguu.

Sasa kuna kampuni inatengeneza filamu ya maisha yangu, si ya kuigiza, ya kweli. Mwongozaji wake anaitwa Winfrida, na anataka tuje Tarime Septemba kupiga picha nilikotoka. Kule jukwaani nilisema sanaa nimeirithi kwa babu yangu Machage, aliyekuwa akimpakata baba na kumsimulia hadithi huku anabadilisha sauti. Unakumbuka baba alivyokuwa akituigizia fisi, mchungaji na mama mwenye nyumba, wote kwa mdomo mmoja? Tukimuuliza amejifunzia wapi, alikuwa anasema, "Kwa mzee." Watu walipiga makofi sana.

Kwa hiyo naomba vitu vitatu: picha ya babu, mwaka aliozaliwa na aliokufa, na unioneshe kaburi lake. Nataka nilijengee kwa vigae, Winfrida apige picha.

Mwanao,
Nice


Nyamisangura, Tarime
14 Juni 2024

Wegesa mwanangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile. Hongera kwa tuzo, Mungu akuzidishie.

Filamu ya muuguzi tumeiona. Happy aliisimamisha simu yake juu ya mzani, duka likajaa mpaka barazani, na hakuna aliyenunua hata kiberiti. Ulipoanza kumvua yule mgonjwa shati, mama mchungaji alitoka nje. Akarudi baadaye akauliza kilitokea nini.

Ila kwa nini wanakuita Nice Machage? Jina lako kwenye cheti cha ubatizo niliandikisha mimi, kwa kalamu yangu. Ni Wegesa Nice. Nice ni la pili.

Picha ya Machage hakuna. Enzi zile nani huku alikuwa na kamera? Kaburi lake liko kwenye boma letu la zamani, njia ya Sirari, limesakafiwa vizuri na halina shida na vigae. Kama una saruji ya kuchezea, mjengee Bibi Wegesa. Lake limebomoka upande mmoja, mbuzi wanalala juu yake. Huyo ndiye uliyepewa jina lake, na sijawahi kukusikia ukimtaja popote.

Hayo ya babu kupakata watoto usiyarudie tena kwenye televisheni. Sisemi ni uongo. Nasema usiyarudie. Na hao wapiga picha waje Desemba, Septemba nina shughuli za kanisa.

Kula vizuri. Kwenye filamu umekonda.

Shangazi yako,
Gati


Issenye, Serengeti
2 Julai 2024

Kwa Bi. Nice Machage,
Msanii wa Kimataifa,
Dar es Salaam.

YAH: UNDUGU WETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Vedasto Zablon, mtunza stoo mstaafu. Nimekuona kwenye televisheni na nimeona nisinyamaze.

Baba yangu Mzee Zablon, ambaye yu hai na ana miaka tisini, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1965 alikuwa akiswaga ng'ombe kutoka huku hadi mnada wa Tarime, na kule alikuwa na mahali pa kufikia, kwa mwanamke aliyeitwa Rhobi. Walizaliwa watoto wawili, Gati na Marwa. Hii si siri hapa kwetu. Marwa ndiye marehemu baba yako.

Mzee huyu ujanani alikuwa akichekesha mnada mzima. Aliweza kumwigiza mkuu wa wilaya, padri na fahali, mtu akafumba macho asijue tofauti. Kwa hiyo kipaji chako kimetoka hapa, wala si kwingine.

Ukoo umekaa kikao na umekubali kukupokea. Mzee mwenyewe hatujamweleza barua hii kwa sababu ya umri wake. Pia kata yetu ina uhaba wa madawati, ila hilo tutalizungumza ukifika.

Baba yako mdogo,
Vedasto Zablon


Tabata
9 Julai 2024

Shangazi,

Nakuletea nakala ya barua niliyoandikiwa kutoka Issenye. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umesoma? Sasa sikiliza. Winfrida alimtuma mtu wake akaangalie boma kabla hatujaja. Amepiga picha ya kaburi la Machage. Kwenye sakafu imeandikwa 1951. Wewe umezaliwa 1956 na baba 1959. Hesabu ulinifundisha wewe.

Kumbe ndiyo maana uliniambia nisirudie. Bibi Rhobi alikuwa mjane, akazaa na mchuuzi wa ng'ombe aliyekuja siku za mnada, mkamficha mtu mzima nyuma ya kaburi. Baba akafa akiwa na jina la maiti. Na mimi nimesimama jukwaani, mbele ya dunia, nikasimulia babu aliyepakata mtoto miaka minane baada ya kuzikwa! Unajua wakigundua waandishi wa habari watanifanya nini?

Winfrida anasema hii ndiyo filamu yenyewe: mwigizaji anampata babu yake wa damu, mwigizaji mwenzake, akiwa hai. Septemba tunakwenda Issenye. Nitakaa karibu na huyo mzee na nitasema mbele ya kamera kwamba mimi ni mjukuu wa Zablon. Machage simjui, wala hanihusu.

Umeniaibisha, shangazi.

Nice


Nyamisangura
15 Julai 2024

Wegesa,

Barua yako haikuwa na shikamoo, kwa hiyo hii haina marahaba.

Mama yangu Rhobi hakuwa mjane wa mtu. Machage hakuwahi kumtia machoni hata siku moja. Machage alikuwa mume wa Bibi Wegesa, akafa bila mtoto. Arobaini haijaisha ndugu zake wakaja. Walitaka ng'ombe wagawanywe, mji ufungwe, na Wegesa mwenyewe arithiwe kama kiti. Akawakatalia. Akakaa miaka minne peke yake, halafu akatoa ng'ombe kumi na wanane akaenda kuoa.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Alioa. Alimwoa mama yangu kwa mahari, wazee wamekaa, pombe imenywewa, mchana kweupe. Sisi Wakurya tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto anaoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ile, wanabeba jina la nyumba ile. Mama yangu alikuwa mke wa Wegesa. Baba yako hakuzaliwa nje, alizaliwa ndani kabisa, na zizi lilibaki na ndama mmoja kwa ajili yake. Unaita hilo jina la maiti? Jina lile lilinunuliwa kwa ng'ombe kumi na wanane.

Utauliza kwa nini hatukuwaambia. Baba yako alipokwenda kusoma Musoma, wanafunzi wenzake walipata habari. Wakawa wanamwimbia kwamba baba yake anavaa gauni. Aliporudi likizo akasema watoto wake hawatalisikia jambo hili, akanishikisha Biblia. Nimelishika miaka yote hiyo, na wewe umenivunjisha kiapo kwa karatasi moja.

Zablon alikuja, ndiyo. Bibi Wegesa alimjua na alimruhusu. Alikuwa analala siku mbili tatu, anatuchekesha mpaka tunashindwa kula, kisha anaondoka. Nilipokuwa na miaka tisa, baba yako alianza kumwita baba. Bibi akamwambia asije tena, na hakuja tena. Zaidi ya hapo sina la kukueleza, maana sina mtu Issenye.

Sasa nikwambie usilolijua huko Dar. Kornelio, mjukuu wa ndugu yake Machage, anasubiri tangu baba yako afe. Mara mbili amenipeleka baraza la kata akisema sisi ni watoto wa mpita njia, boma lirudi kwao. Mara mbili nimemshinda, kwa kuwa walikuwepo wazee walioona ng'ombe wakitoka zizini. Wazee wale wamekwisha, wa mwisho tumemzika Pasaka. Wewe ukisimama kwenye televisheni ukasema ni wa Zablon, Kornelio atatafuta shahidi wa nini tena? Ataleta simu tu barazani, awaoneshe. Wewe una nyumba Tabata. Mimi sikubahatika kuolewa wala kuzaa, nina boma lile na jina lile basi. Nitazikwa wapi, Wegesa?

Gati


Tabata
22 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya barua iliyopita, nimekosa.

Nimesoma mara nne. Mara ya tatu nilicheka, kwa sababu nilimfikiria baba akiimbiwa, halafu nikaona aibu kwa kucheka. Sikujua habari za boma wala za Kornelio. Hukuwahi kuniambia hata unapokwenda barazani.

Lakini nami nikwambie ukweli wangu. Mzee yule yu hai. Maisha yangu yote watu wananiuliza haya nayafanyaje, sauti, mwendo, uso, na mimi sijui la kujibu. Mtu mmoja duniani huenda anajua, naye ana miaka tisini. Mkataba nimeshasaini, Winfrida amekata tiketi. Nitakwenda kumwona. Nitakachosema mbele ya kamera sijakijua bado, na sitaki kukudanganya kwamba nakijua.

Nijibu tafadhali.

Nice


Mugumu, Serengeti
18 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hukujibu. Nimengoja Agosti nzima. Naandika nikiwa nyumba ya wageni, kesho tunarudi Dar kupitia Mwanza, kwa hiyo sitapita kwako. Bahasha hii naituma kwa basi la Tarime.

Jana tulifika Issenye. Vedasto alikuwa ameweka turubai na viti mia, bodaboda kama ishirini zimetupokea barabarani zikipiga honi. Kulikuwa na bango: KARIBU NYUMBANI MJUKUU. Mzee walimkalisha mbele, koti la suti juani, mkongojo mapajani. Winfrida akaweka kamera, mimi nikakaa kiti cha pembeni yake.

Winfrida akamuuliza, "Mzee, huyu dada ni nani wako?"

Akanitazama. Macho yake hayaoni vizuri, ilibidi asogee karibu kabisa. Akasema, "Huyu ni wa Wegesa."

Vedasto akadakia, "Baba, hujaelewa swali. Ni binti wa Marwa. Ni damu yako huyu!"

Mzee akageuka akamwambia (naandika kama alivyosema, maana usiku nilirudia kusikiliza rekodi ya kamera), "Swali nimelielewa kabla hujazaliwa. Mimi nilitoa ng'ombe pale? Nilikuwa nakaribishwa ugali kama mgeni mwingine. Mama yule alimaliza zizi lake akabaki na ndama. Leo nije nimchukulie mtoto kwa sababu ameonekana kwenye televisheni? Mimi ng'ombe nimeuza, sijawahi kuiba."

Winfrida akanitazama mimi, filamu yake imekufa mbele ya macho yake, akanionesha kwa mkono niseme chochote.

Nikasema. Nilisema naitwa Wegesa, wa nyumba ya Bibi Wegesa, aliyemwoa bibi yangu Rhobi kwa ng'ombe kumi na wanane, na kwamba baba yangu Marwa na shangazi yangu Gati ni watoto halali wa nyumba hiyo na boma lao liko njia ya Sirari. Nilitaja na mwaka. Nikasema kwamba yale ya jukwaani nilikosea. Winfrida akaniomba nirudie, nikarudia polepole ili Kornelio asije akasema hakusikia. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa hiyo shahidi mmoja bado unaye, na yuko kwenye kamera.

Vedasto alinuna mpaka chakula. Kamera zilipozimwa mzee akaniambia, "Mtazame anavyokwenda," akamwigiza. Hakuinuka kwenye kiti, alitumia mabega tu na shingo kidogo, na alikuwa Vedasto mtupu, na stoo yake na funguo zake. Nimesomea kazi hii miaka mitatu na siwezi kufanya vile.

Desemba tunakuja kwako, kama ulivyosema.

Mwanao,
Wegesa Nice


Nyamisangura
30 Septemba 2024

Wegesa mwanangu,

Marahaba mara mia.

Ya Julai sikuijibu kwa sababu niliijibu mara mbili, na zote mbili nikazitia jikoni. Moja ilikuwa ya matusi, nyingine ya kuomba, na zote hazikunifaa mimi mwalimu.

Barua yako niliisoma dukani nimesimama. Mteja alitaka sukari robo, nikampa nusu. Kesho yake nilikwenda bomani na Happy, tukafukuza wale mbuzi, nikapima kaburi la Bibi kwa hatua. Vigae viwe vyeupe. Usiniletee vile vyeusi vya kung'aa kama hoteli. Na iandikwe kwamba alioa, neno hilo hilo, asitokee mtu wa kulilainisha. Kornelio nilikutana naye sokoni, akaniamkia yeye kwanza. Sijui amesikia nini, ila aliniamkia.

Nimefurahi sana, mwanangu. Nimelia pia, lakini ni uzee.

Kuna jambo moja dogo. Umeandika kurasa tatu, umeniambia alivyovaa, alivyosema, alivyomwigiza mwanawe. Mimi je, aliniulizia?

Kama hakuuliza niambie hakuuliza. Ni mtu mzima mimi.

Gati


Tabata
6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Aliuliza. Nilikuficha kusudi kwa sababu yeye aliniomba.

Nilipokuwa namuaga alinishika mkono akanivuta, Vedasto asisikie. Akaniuliza, "Gati bado anaogopa radi?" Nikamwambia sijui, nikamwambia u mzima, una duka, ulikuwa mwalimu. Akasema anajua kuwa ulikuwa mwalimu. Kila aliyetoka Tarime alikuwa akimuuliza, miaka yote hiyo, lakini kwa mzunguko, kama mtu anayeuliza bei ya mahindi. Kisha akasema, "Usimwambie nimeuliza. Nilikubali nisije, na kuuliza ni kama kuja."

Nimevunja neno lake na nitajibu mwenyewe. Haendi tena popote, shangazi. Kutoka kitandani hadi mlangoni anashikwa mkono.

Unaogopa radi?

Mwanao,
Wegesa


Nyamisangura
11 Oktoba 2024

Wegesa,

Marahaba. Ndiyo, naogopa. Hakuna mtu aliye hai anayejua, nilidhani.

Jumanne nafunga duka. Happy amenikatia tiketi ya basi mpaka Mugumu, kutoka hapo nitapanda bodaboda na miguu yangu hii, Mungu atanisaidia. Usimwambie Winfrida. Na Vedasto usimwambie kabisa, ataweka turubai.

Siendi kuchukua baba, hilo tuelewane. Nyumba yangu ni ile ile na jina langu ni lile lile. Nakwenda kumjulia hali mzee aliyewahi kuwa mgeni wetu, na hakuna mtu, si Kornelio wala Bibi mwenyewe, anayeweza kuniona na kosa kwa hilo. Nimelipanga vizuri, nimelipanga siku nne. Nimemfungia ndizi na sweta.

Kinachonishinda ni salamu. Shikamoo baba siwezi. Shikamoo mzee nampa mtu yeyote ninayekutana naye njiani, na sijasafiri kutwa nzima kwa ajili hiyo. Nimefundisha watoto wa watu kuamkia wakubwa miaka thelathini na tano, leo mimi mwenyewe sijui. Basi nitasema shikamoo, niishie hapo, nimsikilize yeye ataniitikia nani.

Shangazi yako,
Gati